Umekuja Kula, au Umerudi?

Kuna mchana mmoja wa Novemba ambao haujaniacha, mwanangu, hata nikiwa nimekaa tu hapa Yeoville nasubiri chai. Jua lilikuwa utosini, upepo umekata, nami nimesimama mlangoni kwa watu nisiowajua, katika nchi ya Bolivia. Waliokuwa ndani walinitazama kana kwamba walikuwa wakinisubiri.

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana kosa langu sikulifanyia huko. Nililifanyia hapa hapa Johannesburg, jikoni kwangu.

Miaka hiyo, nadhani ilikuwa 2017, nilikuwa nauza mablanketi Newtown. Mwenzangu mmoja wa sokoni akanionyesha blanketi la sufu lililotoka Bolivia. Lilikuwa jepesi, lakini ukijifunika unatoka jasho. Nikaamua niende mwenyewe nikaone yanakofumwa. Sikuwahi kuvuka bahari hata siku moja, na umri wangu ulikuwa umeshakwenda, ila moyoni nilijiona kijana.

Sasa wewe unatujua sisi watu wa Tanga. Safari hatuitangazi mpaka tumesharudi, kwa kuogopa husuda. Hilo peke yake silioni baya. Mimi nilipitiliza, nikamficha hata mke wangu, Zuhura. Alikuwa anaosha vyombo, nikamwambia, "Mama Rehema, nakwenda Durban kufuata mzigo. Napanda teksi za abiria asubuhi."

Akafuta mikono. "Sasa ndiyo unaaga hivyo? Hata radhi hatujaombana."

"Durban hapo tu, mwanamke! Unataka tulizane kama nakwenda Maka?"

Hakucheka. Asubuhi nikatoka yeye akiwa bado anasali, nikaenda uwanja wa ndege.

Bolivia ni nchi iliyo juu sana. Hewa yake haijazi kifua. Unapanda ngazi chache unasimama kama mgonjwa. Mjini, kila nilipopita, wanawake waliovaa kofia za duara walifinyana mikono huku wakinitazama. Nilikasirika, mpaka mwenye nyumba ya wageni akanieleza kwamba kwao ukimwona mtu mweusi unamfinya aliye karibu nawe ili upate bahati. Nikasema haya, bora mimi ni bahati ya mtu. Kumpigia Zuhura sikuthubutu. Namba ya ugenini ingeniumbua.

Nilipokuwa nakwenda vijijini kwa wafumaji, wanakijiji wenye madai yao walikuwa wamefunga barabara kwa mawe. Basi likakwama siku nyingi, nyingi kuliko safari yoyote ya Durban. Chakula kilipoisha nikashuka, nikatembea kwenye uwanda mtupu usio na mti hata mmoja, hadi nikaiona nyumba ya udongo iliyoachwa mlango wazi. Nikabisha.

Ndani kulikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, na juu yake mishumaa, miwa, na mikate iliyofinyangwa kama watu, yenye nyuso. Katikati, picha ya mzee mmoja. Bibi mwenye nyumba alinitazama usoni, kisha akatazama jua. Na nikaona jambo moja, mwanangu, lililonisimamisha nywele: hakuna aliyemfinya mwenzake.

Wakanikalisha mbele ya meza ile. Sahani wakaisukuma kwangu pole pole, kwa ncha za vidole, mkono wa mtu usiniguse. Binti wa yule bibi alikuwa mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyetutafsiria.

"Leo adhuhuri wafu wetu wanakuja kula," akasema. "Kesho adhuhuri wanaondoka. Mama anakuuliza, umekuja kula tu, au utarudi kwenu?"

Nikacheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri. "Nitarudi kwetu."

"Anauliza, kwenu wanajua uko wapi?"

"Wanajua niko mahali pengine," nikasema.

Binti akatafsiri. Yule bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitarajia. Akasema neno moja, binti akasita kabla ya kulitamka.

"Mama anasema, basi huko wanakulilia."

Barabara ilipofunguliwa sikwenda tena kwa wafumaji. Nikageuza.

Niliingia Yeoville siku ya Alhamisi, alasiri. Kwenye kona, kijana wa duka la spaza, vile viduka vya mtaani, aliniona akaangusha kreti ya soda. Nikamsalimia, hakuitikia. Kufika kwangu, harufu ya pilau imejaa ngazi, na viatu vingi viko nje. Nikabisha. Akafungua Mama Bijou, jirani yetu, Mkongo wa Lubumbashi. Akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Yesu wangu! Baba Rehema, ni weye ao ni muzimu? Tulishakulilia!"

Ndipo nikaambiwa. Asubuhi niliyoondoka, teksi ya abiria iliteketea kwenye barabara ya Durban, na miili mingine haikutambulika. Mtu wa stendi aliapa kwamba alimwona mzee mwenye kofia ya viua kama yangu akipanda. Simu yangu imezimwa, siku zinapita. Zuhura alisubiri, akasubiri, kisha watu wetu wakanisomea hitma, naye akavaa nyeupe, akaingia chumbani kukaa eda. Mimi mzima, nimesimama na begi langu, nikazuiwa mlango wa chumba changu mwenyewe. "Mwanamume haingii humo," akasema mama mmoja wa Tanga, huku ananitazama miguu kama inakanyaga chini. "Ndani mna mjane."

Unajua wazee wetu walivyokuwa wakisema kuhusu Alhamisi jioni, kwamba marehemu hupita nyumbani kuona kama wamesomewa na kupikiwa. Nikasikia sauti ya Zuhura nyuma ya mlango, kavu, haina kilio tena.

"Umekuja kula, au umerudi?"

Nikaliweka begi chini. Lilikuwa swali la yule bibi, na hapakuwa na mtu duniani aliyempelekea Zuhura.

"Nimerudi, Mama Rehema."

"Hukuondoka, wewe. Anayeondoka huaga. Niage."

Mbele ya watu wote, nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, nikasema, "Zuhura, nasafiri. Nakwenda Bolivia. Nilichokukosea nisamehe."

Nikamsikia akiinuka. Kisha, "Nimekusamehe. Nenda salama, urudi." Na ufunguo ukazunguka.

Mpaka leo, hata nikitoka dukani tu na mkate, hunishika kiganja kwanza, apime joto, ndipo anipokee mzigo. Haniamini mpaka anishike. Na mimi namwachia mkono, maana ni haki yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ficha safari yako mtaani ukitaka, ficha kazini, lakini yule atakayekuvalia nyeupe usimfiche. Mwambie unakokwenda kwa jina lake la kweli. Muombane radhi hata kama unaona haya. Uongo wa kwenda Durban uliniua hapa nikiwa hai kule, na kufufuka mbele ya mke wako si jambo la kujivunia.

Mungu akufungulie njia, akupe wa kumuaga kila uondokapo, na akurudishe nyumbani mkono wako ukiwa na joto.