Wifi Wawili na Gari la Laurénio

Deolinda Furtado alishona makoti katika viwanda vya mji wa Fall River, Marekani, mpaka vikafungwa, na kila alfajiri mumewe Laurénio ndiye aliyempeleka kazini kwa gari, akiimba njia nzima. Gari la mwisho walilonunua lilikuwa la kijivu. Mzee alipofariki, lilikaa bandani majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka mjane akapata mnunuzi, muuguzi mmoja wa mtaani kwetu, ila kwanza lilitakiwa kupita ukaguzi wa mwaka. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi; Deolinda akalinunulia mpya, akalipeleka kwa fundi Gilberto Arruda.

Gilberto akachomeka kipimo chake chini ya usukani, akatikisa kichwa.

"Bovu si bovu, mama. Ila betri ilipokufa, kompyuta ya gari ikasahau kila kitu. Inatakiwa ijipime moshi upya, na bado haijajipima. Haiko tayari."

"Sasa niifanyeje? Niiombee?"

"Uliendeshe gari. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, liwashe, liache lingurume kidogo, kisha ingia barabara kuu. Mwendo mmoja, usichezee mafuta. Halafu toa mguu, lipunguze mwendo lenyewe, breki usiguse. Na tangi lisijae wala lisikauke. Siku chache tu."

Deolinda alizoea kuendesha hadi kanisani na kwa mwoka mikate tu, basi. Kwenye barabara kuu maisha yake yote alikuwa abiria.

Ndipo akashuka kubisha hodi chini, kwa wifi yake Natércia. Mimi nilikuwa mpangaji wao wa ghorofa ya juu, na niliposikia ule mlango ukifunguliwa nilisimama kwenye ngazi nikasikiliza. Hawa wawili hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi. Natércia alitaka kaka yake arudishwe São Miguel, kisiwani kule Ureno walikozaliwa. Deolinda akamzika hapahapa. Tangu hapo kila mmoja alipika supu yake ya sukuma na soseji, harufu zikakutana ngazini, wenyewe hawakutani.

"Unataka nini?"

"Mtu wa kukaa pembeni yangu garini."

"Mimi kuendesha sijui."

"Najua hujui. Kupiga kelele unajua."

Natércia akaingia ndani kuchukua kitambaa chake cha kichwa.

Kama walivyonisimulia baadaye, walishika njia ya Westport, kuelekea ufukweni, ambako Laurénio alikuwa akiwapeleka Jumapili za kiangazi.

"Kanyaga basi, wifi! Umeushika usukani kama wa kuazima."

"Nimeambiwa mwendo mmoja. Nyamaza nisikie injini."

Kwenye mteremko Deolinda akatoa mguu, gari likawa linateleza polepole. Dereva wa nyuma akapiga honi. Natércia akageuka akamtolea ulimi, na mvi zake zile. Kisha, sijui kwa nini, akaanza kuimba ule wimbo wa kaka yake wa alfajiri, na alipofika katikati akaukosea makusudi.

"Hapo hapo," Deolinda akasema. "Miaka yote alikuwa anakosea hapo hapo."

"Tangu mtoto. Mama alikuwa anamrushia kandambili."

Wakacheka mpaka Deolinda akalazimika kuegesha, macho yamejaa machozi. Waliikumbuka harufu ya pasi za mvuke kiwandani walikoshona wote wawili, wasichana wenzao wakibanana wanne kiti cha nyuma, vifungo vikidondoka mifukoni, na Laurénio akisimama kununua kahawa huku wote wakimfokea kwamba watachelewa.

Wakaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Asubuhi moja wakakaa garini mbele ya bahari wakila mkate mtamu, na Natércia akasema:

"Nilitaka alale karibu na mama."

"Na mimi nilitaka alale mahali ninapoweza kufika kwa miguu yangu."

Natércia akajimegea mkate. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Lakini sijakusamehe."

"Nani kakuomba? Nipe kipande kingine."

Gilberto alipopima tena, kila kitu kilikuwa tayari. Gari likapita ukaguzi, akabandika stika mpya kiooni. Jumamosi muuguzi akaja kulichukua. Deolinda alimpa funguo bila kusita, ila alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, mkono wa Natércia ukiwa begani mwake.

Jumapili niliwaona kutoka dirishani wakielekea makaburini na maua, Natércia mbele, akimlalamikia mwenzake kwamba anajikokota.