Mjukuu Aliyefichwa Mkobani

Bi Makasha aliingia ofisi ya kamusi akiwa mpiga chapa, ana cheti kimoja na vidole vyepesi. Kazi ya mizizi ya maneno hakufundishwa na mtu. Aliidonoa kama kuku, punje leo, punje kesho. Miaka ishirini na tatu baadaye alikuwa na droo yake ya mbao, na ndani yake ukoo mzima wa maneno, kila neno na kadi yake.

Bibi wa ukoo ule ni mzizi wa kale, mama wa maneno ya lugha nyingi za Ulaya na Asia, anaitwa *bher-, maana yake kubeba. Usiniulize alitamkwaje hasa, kwani hakuna aliyemsikia wala kumkuta ameandikwa. Wataalamu wamemkisia kwa kutazama sura za wajukuu, ndiyo maana huvikwa kinyota kichwani: huyu hatukumwona, tumemjua kwa uzao wake. Wajukuu hao Bi Makasha aliwajua kama wanawe: bharati wa Kisanskriti, phero wa Kigiriki, fero wa Kilatini, bear wa Kiingereza. Kipenzi chake kilikuwa berem wa Kiarmenia. Kwa ajili yake alijifunza alfabeti nzima, apate kumwandika kwa mkono wake.

Ndipo akaja Mama Miwani, aliyezisoma lugha hizo chuoni na kuzitamka bila kutafuta. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliugua. Mgeni akicheka, Bi Makasha anasikia jino linauma. Mgeni akisifiwa, chai inapoteza sukari.

Pale ofisini, ukoo haukwenda kuchapishwa mpaka mtu mmoja aufunge, yaani akague kadi zote na kuweka jina lake chini, na jina hilo ndilo hutoka kitabuni. Ukoo wa *bher- ulipofika zamu yake, Mhariri alimpa Mama Miwani, akieleza kwa upole kwamba macho mapya huona zaidi. Bi Makasha aliitikia vizuri sana. Alitabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Mchana wenzake walipokwenda kula, alivuta droo, akamtoa berem, akamtia mkobani kati ya kitana na kopo la poda. Shabaha yake ilikuwa moja: msomi aufunge ukoo pungufu, kitabu kitoke, watu wacheke.

Kesho yake asubuhi Mama Miwani alisimama mbele ya meza ya Mhariri, kalamu mkononi, hajaandika kitu.

"Kiarmenia hakimo," alisema. "Na dada Makasha hawezi kumsahau berem. Kadi ilikuwepo, imepotea. Siweki jina mpaka ipatikane."

Mhariri aligeuka kumtazama Bi Makasha. Yeye naye alijisikia akisema labda imeteleza nyuma ya droo, ngoja aangalie. Akapiga magoti na mkoba wake, akapapasa hewa, akainuka na kadi.

Ilikuwa na mikunjo ya meno ya kitana, na pembeni vumbi la poda. Mama Miwani aliipokea. Akaitazama, akautazama mkoba, akapuliza poda taratibu, akatia alama ya kuthibitisha. Kisha akauvuta ukurasa wa mwisho, akaandika jina la Bi Makasha kwanza, lake chini yake.

"Mwandiko huu, dada," alisema, "mimi na kusoma kwangu kote siuwezi."

Bi Makasha alishukuru. Akarudi kwenye kiti chake, akafuta poda iliyobaki vidoleni, akainamia kadi zake. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu, kama alivyotaka, na roho bado inamchoma. Alikuwa amezoea kuyaonea wivu masomo ya mwanamke yule, na matamshi yake. Sasa ilimbidi auonee wivu na wema wa moyo wake.