Nilikwenda Vuga Kuuliza Habari za Ujane

Nilipomaliza eda ya mume wangu Idrisa, kila aliyekuja kwetu Morogoro alinipa pole na kuniambia nijikaze. Nilijikaza mpaka nikachoka. Nikamkumbuka Bibi Mwanaisha, dada mkubwa wa bibi yangu mzaa mama, aliyefiwa na mumewe akiwa kijana kuliko mimi. Nikamwacha binti yangu Rukia kwa wifi yangu, nikapanda basi.

Mombo nilifika mchana, jua kali. Kuanzia pale gari lilikata kona moja baada ya nyingine, mto ukiwa chini yetu na maporomoko ya mawe juu. Idrisa aliwahi kuniahidi kwamba tutapanda milima hii pamoja. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa na mtu, lakini mimi nilikiona kitupu.

Soni nilishuka, nikavaa sweta, nikachukua bodaboda hadi Vuga. Bibi alikuwa uani akimenya maharage mabichi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akanisalimia kwa Kishambaa, “Onga mshi,” akanishika mikono yote miwili. Hakunipa pole. Alinisogezea kigoda na nusu ya maharage.

Tulimenya kwa muda, kisha akauliza, “Alikuwa anapenda kula nini?”

“Nani, bibi?”

“Mumeo.”

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa ameniuliza swali la namna hiyo. Nilimwambia Idrisa alipenda ndizi za nazi na alichukia bamia, akisema zinamteleza kabla hajazionja. Bibi akacheka mpaka maharage yakamwagika. Nami nikacheka, halafu nikalia, na yeye akaendelea kumenya bila kunikataza.

Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Tulipanda mlima polepole kwenda shambani kwake, yeye mbele na jembe begani. Juu tulikaa kwenye jiwe, na ukungu ulipopungua akanionyesha nyumba zilizokuwa chini.

“Babu yako tuliishi naye pale. Alipokufa, watu waliniambia nisimtajetaje, nitawaumiza watoto. Nikanyamaza. Watoto wakakua, hawamjui. Sasa niko peke yangu namtafuta. Sura yake ninayo. Sauti yake imenitoka.”

Alishusha jembe, akaliweka magotini.

“Huzuni inaisha lini, bibi?” niliuliza.

“Haiishi. Ni kama baridi ya huku. Ukishuka Mombo unaisahau, ukipanda unaikuta. Mimi nimelima nayo, nimeozesha mabinti nayo, nimecheza ngoma nayo. Lakini wewe mtaje mwenzio. Mtaje ukiwa unacheka, mtaje ukiwa umekasirika. Usifanye kama mimi.”

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Alikataa nibaki, ingawa nilitamani. “Una mtoto,” alisema. Bodaboda ilipoondoka niligeuka, nikamwona bado amesimama, amejitanda kanga kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Njia nzima ya kushuka nilimtamani yeye na Idrisa kwa pamoja, nisijue ni yupi ninayemlilia.

Nyumbani Morogoro nilifika jioni. Wifi alikuwa amepika bamia. Nilimpakulia Rukia, nikavuta pumzi, nikasema, “Baba yako angeziona hizi, angekimbia.”

Wifi aliacha kula. Rukia alinitazama, kwanza kwa woga, kama mtu anayesubiri kukaripiwa, kisha macho yakamng’aa.

“Halafu angecheka,” alisema.

“Angecheka sana.” Nikajaribu kucheka kama Idrisa.

“Siyo hivyo, mama,” Rukia akasema. Akaweka tonge chini, akainua kidevu, akacheka kicheko cha baba yake, chote, pamoja na kile kikohozi cha mwisho.

Nilimwambia arudie.