Mutoto wa Kuazima kwa Siku ya Kilo

Mutoto wangu Lionel njo munene kupita batoto bote ba mutaa yetu ya Bigo. Sidanganye mutu. Siku ya kilo, ya kupima uzito ya batoto ba chini ya miaka tano, kule centre de santé, bakimutundika kwa balance, kamba inalia, na bamama bengine banaangalia fiche zao za kilo. Mimi niliachaka masomo kwa troisième primaire, mwaka ya tatu tu, lakini kutengeneza mutoto, ile naijua.

Sasa jirani yangu Domitille, Mama Ushindi, anaazimaka kwangu ule mutoto kila kisha myezi tatu. Yeye iko na batoto sita. Kwa kuzaa wa mwisho, Olivier, damu ilikataa kusimama. Infirmière, muuguzi wa kituo ya afya, akamuambia:

—Mama, mimba ingine itakuua.

Tangu pale anachomwaka sindano ya kupanga uzazi, kwa siri, juu bwana yake Hippolyte hataki hata kusikia ile maneno. Sindano banaichoma nyuma ya rideau, ile pazia, palepale kwa kilo. Lakini Olivier alifikisha miaka tano, akamaliza kilo, na Domitille akakosa sababu ya kutoka mu lupango, mu kiwanja yao. Njo Lionel akapata kazi.

Hippolyte alikuwa anachimba dhahabu kule Bambu. Vita ikamufukuza, na tangu mwaka jana anashinda nyumbani, anahesabu hatua za bibi yake. Siku moja nikamutania:

—Papa Ushindi, weye ulipimaka dhahabu, lakini bibi yako njo anapima ya kweli. Lionel wangu.

Hakucheka.

—Juu ya nini anapeleka mutoto wa mwenzake?

Lakini mimi sikosake jibu.

—Mikono yake inawasha, papa. Anatamani kubeba kadogo.

Hippolyte akafungua meno yote. Nikajiona mwenye akili kupita maprofesa.

Jeudi, siku ya sindano, Hippolyte akavaa shati ya kanisa, akabeba Lionel yeye mwenyewe. Tukakaa siye batatu kwa banc moja, Domitille katikati. Rideau ilikuwa hatua ine tu mbele yetu. Infirmière akatoka, akamuona Domitille, kisha akamuona bwana.

—Mama Ushindi, uko na shida?

—Hapana. Niko nasindikiza tu mutoto.

Bakapima Lionel: kilo kumi na moja. Hippolyte akapiga makofi. Saa sita infirmière akafunga mulango, na sindano ya Domitille ikabakia ndani.

Kwa njia ya kurudia, bwana akatutangulia na mutoto kwa bega, anaimba. Domitille akanivuta mukono.

—Débora, weye mwenye majibu. Nipe moja ya kunitoa hapa.

Nikatafuta mpaka tukafika.

Asubuhi ingine, nani kwa mulango wangu? Hippolyte, ameshaoga.

—Mama Lionel, tuletee ule mutoto. Mama Ushindi azoee tena, mbele wetu wa saba akuje.

Nyuma yake Domitille alikuwa amesimama na kitambaa ya kubebea, ameikunja vizuri, anangojea. Nikamupatia mutoto.