Barafu ya Mtungi

Mimi kutulia sijui. Hata nikikaa kula, goti moja linacheza chini ya kanga, na mama yangu alikuwa akinishika paja na kuniuliza, "Unakwenda wapi?" Kwa hiyo nilipoachika, mwenzangu akabaki na gari kubwa na mimi nikabaki na kigari chenye injini ya kubebea mboga, kilichoniuma si ndoa. Kilichoniuma ni kumwona ananipita barabarani.

Sote wawili tuliendelea na kazi tuliyoianza pamoja. Tunanunua kamba wanaoshushwa na maboti kutoka Salale, tunawatia kwenye madeli ya barafu, tunawawahisha Kibiti. Pale husimama gari la baridi la tajiri mmoja, linatoka kusini limeshajaa samaki, na nafasi inayobaki kwa kamba ni ya mtu mmoja. Wa kwanza kufika na mzigo mzuri anapakia. Wa pili anakwenda kunadi mafungu sokoni huku anafukuza nzi. Mwaka huu tajiri akachoka na makelele yetu mbele ya gari lake, akasema bamvua hili, siku hizi za maji makubwa, likiisha atachagua mmoja wetu, na huyo ndiye atakuwa mtu wake wa kudumu. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa silali vizuri. Bila hiyo ningekuwa mtalaka mwenye madeli matupu, na kila mtu Kibiti angejua ni nani kati yetu aliyekuwa na akili ya biashara.

Njia ya vumbi kutoka bandarini hadi Bungu haina mbabe, mashimo yanamheshimisha kila mtu. Tatizo lilikuwa lami, kutoka Bungu kuja Kibiti. Kuna vilima, na malori yaliyoshiba yanayopanda kwa kujikokota. Yeye anayapita. Mimi nakaa nyuma yake navuta moshi, naliita gari langu majina yasiyoandikika.

Mdogo wangu wa kiume ndiye dereva wangu. Aliwahi kufanya kazi gereji moja Dar, wanakofunga mitungi ya naitrasi kwenye magari ya vijana wa mashindano, na alirudi nyumbani na seti moja iliyotumika, ameifunga kwenye gunia. Gesi yenyewe si ya kupikia na haiwaki. Kazi yake ni kuipa injini pumzi ya kuchomea petroli nyingi zaidi kwa sekunde chache, na gari likatoka kama limechomwa sindano. Nilipojua lililomo kwenye gunia, sikumpa nafasi ya kupumua.

Alinitesa. Mimi nilidhani ni kufunga mtungi na kuondoka. Yeye akaanza kwa kupima mgandamizo wa kila silinda, akasema injini ikiwa imechoka hafungi kitu, hata nikilia. Haikuwa imechoka. Akabadilisha plagi akaweka za baridi zaidi. Akachagua jeti, kile kitundu cha kupitishia gesi, ndogo kuliko zote, na jeti ya pili ya kuongeza petroli, kwa sababu gesi ikizidi petroli, pistoni inayeyuka. Mtungi akaukaza kwa vyuma kwenye sakafu nyuma ya viti, akatoboa njia ya bomba ili mtungi ukizidiwa upumulie nje, chini ya gari, usitupumulie sisi. Mipira akaipitisha mbali na ekzosi. Waya akauwekea fyuzi. Halafu akachukua povu la sabuni akapaka kila kiungo, akachutama kuangalia kama kuna kiputo, huku mimi nazunguka gari mpaka jirani akauliza kama natufu Kaaba.

Petroli ya chupa za barabarani akaipiga marufuku, kwa kuwa huwezi kujua imechanganywa na nini. Na penye nyumba za watu hatutatumia gesi, ni kwenye lami tupu tu.

Kitufe alikifunga upande wangu, kwa sababu nilimwambia gari ni langu na kidole kitakuwa changu. Alikubali upesi mno. Kumbe kwenye pedali ya mafuta alikuwa ameweka swichi nyingine. Hata nikibonyeza mpaka kucha ing'oke, gesi haitoki mpaka dereva akanyage hadi mwisho. Kidole changu na mguu wake, vyote viwili. Ananijua yule.

Mtungi ulikaa katikati ya madeli, hapakuwa na mahali pengine, kwa hiyo siku zote ulikuwa na ubaridi wa barafu. Alirekebisha kila kitu ukiwa hivyo. Kisha akaniomba rangi yangu ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye geji ya presha ya mtungi. Mtungi ukipata joto mshale unapanda, alisema, na gesi inatoka nyingi kuliko petroli tuliyoipangia. Mshale ukivuka rangi, mguu wake haushuki.

Tukaanza kumpita. Siku ya kwanza, kilimani, nilibonyeza, mdogo wangu akakanyaga, na kile kigari kikalipita lori na gari la mtalaka wangu kwa pamoja. Nilimpungia mkono kwa adabu zote. Nilikuwa na furaha chafu, siifichi. Tajiri alipakia kamba wangu siku ile na nyingine zilizofuata, mpaka ikabaki siku ya mwisho ya bamvua.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na mtambo wa barafu haukugandisha kitu. Pale bandarini kila mnunuzi aligawiwa kipande kimoja, cha kukumbatia. Mimi kimoja, mtalaka wangu kimoja. Kamba wenyewe walitoka boti moja, wazuri, wanang'aa. Yeye alivunjavunja chake akakimwaga juu ya kamba wake taratibu, kama mtu anayetia chumvi.

Mdogo wangu alifungua mlango wa nyuma akatazama geji. Gari lilikuwa limeshinda juani. Mshale ulikuwa umevuka rangi, tena mbali.

"Leo hakuna gesi," akasema.

Nilitazama barabara. Mwenzangu alikuwa anafunga madeli yake. Nilijua tukimwacha atangulie kufika lami, basi. Miguu haikutaka kukaa. Nikachukua gunia, nikalilowesha, nikatia kile kipande cha barafu ndani na kuuvika mtungi.

"Na kamba?" akaniuliza.

"Kamba tutawawahisha."

"Dada, ni mwendo mrefu. Wale hawana hata tone."

"Mshale ukishuka utakanyaga, hutakanyaga?"

Akasema mshale ukishuka atakanyaga. Akafunga mlango wa nyuma, akashika usukani.

Mshale ulishuka. Ulishuka vizuri kabisa, na kwenye vilima tuliruka, lori baada ya lori, na mtalaka wangu akawa kidoa nyuma yetu halafu hata kidoa hakuna. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama geji. Madeli sikuyatazama.

Tulifika Kibiti gari la baridi likiwa ndiyo kwanza linafungua milango. Tajiri alikuja mwenyewe, anatabasamu, akafunua deli la kwanza. Tabasamu likaisha. Akaingiza mkono hadi chini, akatoa kamba wachache. Vichwa vilikuwa vimeingia weusi, na harufu niliisikia pale niliposimama. Akafunua la pili, akalifunika.

"Umewahi, mama," akasema. "Ila hawa sipakii."

Niliomba. Nilisema umeme, nilisema jua. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mtalaka wangu akaja, polepole kama kawaida yake. Kamba wake walikuwa bado wanang'aa, lakini barafu ilikuwa imebaki maji na zamu yake ya kupimiwa haijafika. Akaanza kuangaza macho huku na huku, akaliona gunia letu limevimba nyuma ya viti.

"Hiyo barafu ya nini?"

"Ya mtungi," nikamwambia.

Alinitazama. Laiti angecheka, ningejua la kufanya.

"Nisaidie basi," akasema. "Niwashikilie hawa mpaka wapimwe."

Nilitaka kuimwaga mchangani mbele yake. Nilitaka sana. Lakini kamba wale walitoka boti moja na wangu, na uzuri wao niliuona bandarini kwa macho yangu. Nikafungua gunia. Kipande kilikuwa kimepungua kidogo tu, kisafi, kinaunguza viganja. Nikampa. Yeye akakipokea kwa mikono miwili, akakivunja juu ya deli lake, na tajiri akamwambia asogeze gari, nafasi ni yake.

Mdogo wangu alifunga valvu ya mtungi, akafungua boneti, akasikiliza, akagusa hapa na pale.

"Injini nzima, dada," akasema.

Nilimuuliza ya kwendea wapi.