Fundi Mswaki na Askari Walionata

Saa moja asubuhi, Fundi Mswaki, kama majirani wanavyomwita, anainamia beseni jikoni kwake. Ndani wamelala askari wa plastiki, hakuna anayezidi kidole gumba. Rangi yao ya zamani ilitakiwa iwe imetoka. Badala yake inanata kama lami.

Mwenye askari anakuja kuwachukua saa sita. Ni mwalimu mstaafu aliyeachiwa askari hao na marehemu kaka yake, na anataka kuwapaka upya kabla macho hayajamwishia nguvu.

Kazi ya Fundi Mswaki, mama wa watoto wawili, ni kuondoa rangi ya zamani kwenye visanamu vya watu wanaovikusanya. Huviloweka kwenye dawa ya kuulia vijidudu, kisha huvisugua kwa mswaki uliochovywa dawa hiyohiyo. Maji huja mwisho. Yakitangulia, rangi iliyolainika hugeuka gundi.

Leo yametangulia. Mama mkwe wake, aliyekuja kuwasalimia, aliamka mapema, akamwaga dawa na kuwasuuza askari bombani.

"Nilikuona umechoka, mwanangu. Nikasema nikupunguzie."

"Ahsante, mama." Hamtazami, asije akaisoma hofu yake.

"Si kuna ile ya kutolea rangi ya kucha?"

"Hiyo itaondoka na nyuso zao. Plastiki inayeyuka."

Njia ni moja: kuwarudisha kwenye dawa na kusugua upya, polepole. Ikiwa gundi imeshagandia kwenye mikunjo, ndiyo basi. Na mwalimu ataambiwa nini?

Mama mkwe anavuta kigoda, anachukua mswaki wa pili. Wanasugua pamoja. Beseni linachafuka, dawa inabadilishwa, wanaanza tena.

"Huyu ana masharubu," anasema bibi huyo, akimwinua mmoja. "Kumbe wana sura."

Fundi Mswaki anashusha pumzi.

Mwalimu anafika, anawageuza mmoja mmoja dirishani. Upanga mmoja bado unanata.

"Huu umepatwa na nini?"

"Nilikosea, mwalimu," anasema Fundi Mswaki.

"Mimi ndiye niliyewaosha," mama mkwe anamkatiza. "Yeye hana kosa."

Mwalimu anaugusa upanga tena, anatabasamu. "Uacheni. Vidole vya kaka navyo vilinata peremende siku zote."

Mwalimu akishaondoka, Fundi Mswaki anasema mpango wake ni kuihamishia kazi barazani, apate meza yake mwenyewe, mbali na bomba.

"Na kigoda changu," anasema mama mkwe, "kiweke hukohuko barazani."