Shingo ya Kuku wa Idodi

Shangazi yangu Esnath anauza mitumba sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na kama angekuwa anauza tu, leo angekuwa na nyumba ya ghorofa. Tatizo ni maswali. Mteja akishika gauni, shangazi hamtajii bei. Anamuuliza gauni ni la kuvaa wapi, huko kuna harusi ya nani, na huyo anayeoa si ndiye aliyekuwa na ng'ombe asiye na pembe? Ng'ombe yule alizaliwa hivyo au alikatwa? Mteja anaanza kueleza, anakaa juu ya belo la nguo, chai inaagizwa, na jioni gauni linarudi kwenye henga. Wenye vibanda jirani wanampenda sana, maana wateja wakichoka kujibu wanakwenda kununua kwao.

Sio umbea. Nasema mapema kwa sababu watu wa Mwanjelwa wana midomo. Mmbea anataka kujua ili akaseme. Shangazi anataka kujua basi, na akishajua anafurahi peke yake kama mtoto aliyepewa muwa. Habari zenyewe hazina kazi yoyote, wala hajawahi kuzitafutia kazi.

Mwaka jana alifungua belo la fulana akakuta moja ina picha ya Mzungu mwenye kipara cha mbele na ndevu zilizochongoka. Shingoni amezungushiwa kola nyeupe ya mikunjo mikunjo, pana kama sahani ya pilau. Watu waliitaka fulana ile, yeye akakataa kuiuza mpaka ajue huyo ni nani na kola ni ya nini. Akamuuliza mchungaji, akamuuliza muuza nyanya, mwisho akamnasa mwalimu wa sekondari aliyekuja kutafuta suruali. Mwalimu akamweleza kwamba huyo ni mtu wa Uingereza ya zamani sana, alitunga michezo ya kuigiza ambamo wafalme wanauana na wapenzi wanakufa, na mpaka leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama.

"Hapo nimekuelewa, mwalimu," shangazi akasema. "Sasa na kola hii, mchuzi alikuwa anakulaje?"

Mwalimu alisimama na suruali mkononi akifikiri. Akaondoka bila kuinunua. Wiki iliyofuata alirudi kusema ametafuta jibu kwenye simu hajalipata, na kwamba shangazi amemharibia usingizi.

Baba yangu, mzee Edmund, mstaafu wa reli, ni kaka yake mkubwa. Maswali yote ya dada yake amekuwa akiyajibu kwa namna moja: "Esnath, nyamaza." Alimwambia hivyo msibani, shangazi alipouliza jeneza linapakwa vanishi ya nini wakati linakwenda kufukiwa. Alimwambia harusini, kanisani, na mezani kila Jumapili. Shangazi hucheka, hunyamaza kidogo, kisha huendelea na mtu mwingine.

Mimi nimemfuata yeye, na ndiyo maana nilimpata Anord. Anord ni fundi wa majokofu. Nilimpelekea friji la mama nikamuuliza baridi huwa inatoka wapi. Fundi mwingine angesema, "Gesi, dada," akaendelea na kazi. Anord aliligeuza friji akanieleza kwamba baridi haitoki popote, ila joto ndilo linalotolewa nje, akanishikisha pale nyuma penye moto. Kesho yake nilirudi na swali jingine, na keshokutwa pia. Friji lilikuwa limeshapona, sikulichukua.

Basi tukafikia kutaka kuoana. Anord kwao ni Idodi kule Iringa, Mhehe, Mkatoliki. Sisi ni Wanyakyusa, Wamoraviani, na baba ni baba. Hakukataa papo hapo. Katika ukoo wetu, kabla ya posa kupokelewa, mtu hutumwa kimya kimya kwenda kuichunguza nyumba ya kijana, na kazi hiyo ni ya shangazi.

"Na shangazi ninaye mmoja tu," baba akasema kwa huzuni kubwa.

Alimkalisha sebuleni akampa maagizo. Achunguze kama nyumba ile ina ugonjwa wa kurithi, kama ina uchawi, na kama wanaume wake wanapiga wake zao. Aulize kwa majirani. Asijitambulishe, na asikanyage uani kwao.

"Ukirudi bila majibu, posa hii siipokei," akasema. Baba akishasema jambo huwa halibadiliki, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimesikia kila kitu.

Nilimsindikiza shangazi stendi nikamshika mikono. "Shangazi, nakuomba. Maswali hayo tu, usiongeze."

"Mwanangu, kwani mimi ni mtoto?"

Akapanda basi la Iringa na furushi la mitumba, ili Idodi wamwone mfanyabiashara. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mchana simu yangu ikalia, ameleta picha. Niliifungua haraka. Ilikuwa shingo ya kuku.

Shingo tupu, nyekundu, haina unyoya hata mmoja kuanzia chini ya kichwa mpaka kifuani. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti. "Anjela, umeona maajabu? Huku wanaiita kishingo. Haijanyonyolewa, imezaliwa hivi hivi! Sasa najiuliza, kuku hii ukiileta Mbeya mwezi wa sita, shingo si itaganda?"

Nikamwandikia: "Shangazi, uchawi upo au haupo?"

Akanijibu kwa picha nyingine. Shingo ile ile, kwa upande wa kushoto.

Yaliyotokea nilikuja kusimuliwa na mama Tekla, mama yake Anord, huku akijifuta machozi ya kicheko. Shangazi alifika Idodi akaanza vizuri kabisa kwa majirani. Alikuwa anamwonyesha mama mmoja sketi, karibu afike kwenye mambo ya uchawi, kuku yule akakatiza barabara mbele yake. Akaiacha sketi mikononi mwa yule mama akamfuata kuku. Kuku akaenda kwao, na kwao ni kwa mzee Yohane, baba yake Anord.

Shangazi akaingia uani akisema "Kamwene", salamu ya Kihehe, haraka haraka, macho yako kwa kuku. Mzee Yohane alikuwa anatia mpini jembe. Mama Tekla alikuwa anatwanga mpunga. Mgeni akauliza bila hata kukaa: kuku hii shingo yake inasikia baridi?

Mzee Yohane akaweka jembe chini. Akasema hajawahi kufikiria, ila kwa akili yake ikipelekwa penye baridi itakufa. Mama Tekla akaacha mchi kwenye kinu akasema haifi, kwa sababu pale shingoni damu ni nyingi. Mumewe na mgeni wakambishia, akawabishia. Kuku akakamatwa, akapitishwa mkono kwa mkono, majirani wakaja, mmoja na sketi yake. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mgeni ametoka wapi. Shangazi akapata nafasi ya kuuliza hata lile ambalo watani wetu huliuliza tangu zamani, kama ni kweli Wahehe wanakula mbwa. Mama Tekla akamwonyesha mbwa wao aliyelala kivulini. "Si huyo pale? Muulize mwenyewe."

Ndipo mama Tekla naye akauliza lake. "Kwani huko kwenu baridi yake ikoje?"

"Usiseme, dada. Kaka yangu Edmund, mtu wa reli mzima, analala na kofia ya sufu na soksi mbili mbili."

"Edmund wa reli?" akauliza mzee Yohane taratibu. "Huyu mwenye binti anaitwa Anjela?"

Shangazi akafunika mdomo kwa khanga. Uani wakacheka mpaka mbwa akaamka. Wakampikia wali na samaki wa mtoni, wakamtandikia kitanda, na hadi anaondoka alikuwa amewaeleza nyumba yetu yote, pamoja na kwamba baba anaogopa vyura. Mchunguzi alichunguzwa mpaka akakauka.

Alirudi Mbeya jioni, baba anamsubiri sebuleni.

"Magonjwa ya kurithi?"

"Kuku wanapata kideri, kaka, lakini..."

"Uchawi?"

"Hilo sikufika."

"Wanapiga wake zao?"

"Mama mwenyewe ndiye anabishana, mzee anacheka tu. Sasa kaka, kuna kuku pale..."

"Esnath, nyamaza."

Nilisubiri acheke kama siku zote. Hakucheka. Alisimama.

"Leo sinyamazi, kaka. Nimenyamaza tangu mdogo. Nimeingia kwa watu hawanijui, nimeuliza swali la kijinga. Mzee ameacha jembe lake. Mama ameacha mpunga kwenye kinu. Hakuna hata mmoja ameniambia nyamaza. Mimi ni bibi sasa, na haijawahi kunitokea. Mtoto huyu anauliza kama mimi. Wewe unataka akaolewe wapi? Kwa watu kama wewe?"

Baba alichukua koti lake akatoka nje. Aliporudi alisema maneno machache. Watu wa Iringa wameshaambiwa siku ya kuja kupitia Anord, hawezi kuwakatalia kwenye simu. Waje, wanywe chai, awaambie hapana kwa heshima. Nililia jikoni, na mama akaniacha nilie.

Wakaja mwezi wa sita, asubuhi ya baridi ile inayopita hadi chini ya blanketi. Alikuja mzee Yohane, mshenga wao aliyeitwa Saulo, na Anord aliyevaa suti na amri ya kutofungua mdomo, maana mposaji siku hiyo hasemi. Mama Tekla naye alikuja, ingawa haikutegemewa. Alisema ana jambo lake la kuangalia. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge.

Mshenga alizungumza vizuri sana kuhusu ua walilolichungulia bustanini kwetu. Baba alikaa wima, mikono magotini. Nilikuwa nachungulia kwenye pazia, nikaona anavuta pumzi ya kusema lile neno lake.

Kikapu kikatikisika. Kitenge kikainuka, kuku akatoa kichwa, kisha shingo yote, nyekundu na tupu, akaangaza sebule nzima.

"Mmemleta!" shangazi akapiga kelele. Kumbe alikuwa amejiandaa. Alitoa mfukoni soksi ya mtoto iliyokatwa mwisho, akamvisha kuku shingoni, akaikunja ukingo kwa mikunjo mikunjo mpaka kuku akafanana kabisa na yule bwana wa kwenye fulana. Mshenga alisahau ua lake. Mama aliinama kama anayetafuta sindano, mabega yanamcheza. Mimi nilifumba macho nikisubiri "Esnath, nyamaza," na baada yake hapana yangu.

"Mvueni hiyo soksi," baba akasema.

Hakuna aliyejongea.

"Mvueni. Mtajuaje kama inasikia baridi na nyinyi mmeifunika?"

Mama Tekla akaivua. Baba aliinuka, akapiga magoti kwenye zulia na suruali yake ya kanisani, akaishika ile shingo kwa vidole viwili. Kuku akamtazama. Baba akaongeza kiganja kizima, akakaa hivyo muda, uso umebadilika.

"Ya moto," akasema. "Kwa nini ni ya moto?"

"Damu!" mama Tekla akasema, akimtazama mumewe kwa ushindi.

"Damu kila mahali ipo, mama. Nauliza kwa nini hapa."

Wakatazamana. Anord alikuwa mlangoni amekaza midomo mpaka jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mwisho ikamshinda.

"Ni kama friji, mzee. Kule kwingine manyoya yanalizuia joto ndani, kwa juu hulisikii. Hapa halina kizuizi, linatoka, ndiyo maana mkono wako unalipata. Hiyo kuku inapoteza joto, ila bado haijaganda."

Mshenga alishika kichwa. Mposaji amesema. Baba alimkazia macho, nami nikajua yamekwisha.

"Sogea hapa," baba akasema. "Anza mwanzo. Joto linatoka linakwenda wapi?"

Anord akapiga magoti upande wa pili wa kuku na suti yake. Akaeleza, baba akauliza, akaeleza tena. Chai ikapoa. Kisha baba akainua kichwa akamtafuta mtu.

"Esnath."

"Bee, kaka."

"Wewe unaonaje?"

Shangazi hakuelewa. Akageuka nyuma kuona kama kuna Esnath mwingine.

"Nakuuliza wewe. Kuhusu mtoto na watu hawa. Unaonaje?"

Alikaa chini akajifuta macho kwa ile soksi.

"Mimi naona aende, kaka."

"Haya," baba akamwambia mshenga. "Tumepokea."

Nimeolewa mimi, lakini kuku hakurudi Idodi. Anaishi kwa baba, na asubuhi za baridi baba hutoka na kofia yake ya sufu, humshika shingo, kisha humpigia shangazi simu kumpa majibu.